Watoto wa mgonjwa wa kiharusi nao wapimwe presha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wanaowahudumia wagonjwa wa kiharusi hapa Dodoma.

Mama yangu, mkazi wa Chamwino, alipata kiharusi mara mbili. Baada ya kile cha kwanza mkono wake wa kulia ulirudi kufanya kazi, nasi tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha, kumbe vidonge vya presha alikuwa akivifunga kwenye pindo la khanga na kuvimeza siku kichwa kinapomuuma tu. Baada ya cha pili alianza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, na mlenda akautia chumvi mara tatu akiamini hajautia. Majirani walisema karogwa. Wengine, na hili liliniuma zaidi, walimwita yeye mwenyewe mchawi kwa kuwa alikutwa usiku akizunguka nje asijue njia ya kurudi.

Hatukuwa tumeelezwa kwamba ubongo ukikosa damu huweza kupoteza kumbukumbu kama unavyopoteza nguvu za mkono. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata ugonjwa wa kusahau baada ya kiharusi cha kwanza, lakini kikijirudia huwa ni zaidi ya 1 kati ya 3. Vile vidonge vya kwenye pindo ndivyo vilivyokuwa kinga ya akili yake.

Nyumbani tuliambiwa pia kuwa ugonjwa huu ni wa ukoo, kana kwamba hukumu imekwisha kutoka. Ni kweli kwamba watafiti wa Framingham, Marekani, walioanza kufuatilia afya za wakazi wa mji huo mwaka 1948, walikuta kuwa mtu ambaye mzazi wake alipata kiharusi kabla ya miaka 65 ana hatari ya kukipata iliyo karibu mara tatu ya ile ya wengine. Hata hivyo, viharusi vinavyotokana na jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, ni vichache sana. Mara nyingi tunachorithi ni mwelekeo wa kupata presha na kisukari, pamoja na mazoea ya chumvi nyingi tuliyokulia, na presha hupimika na kutibika.

Siku mama aliporuhusiwa tulisimama watoto wanne kando ya kitanda, kipimo cha presha kikiwa mezani karibu yetu, na hakuna aliyetupima. Miezi saba baadaye nilipopima kwa hiari yangu, nilikuta 170 kwa 100, yaani presha ya juu. Naomba watoto wa mgonjwa wapimwe siku hiyo hiyo, kabla hawajapanda gari.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma