Mti wa muhogo na mkia wa mbuzi

Mhariri salaam, niko huku Ujiji, Kigoma, juzi mdogo wangu wa kidato cha pili kaniuliza eti mbona kipande cha mti wa muhogo ukikichomeka ardhini kinatoa mizizi ila mkia wa mbuzi ukiufukia unaoza tu, nikacheka afu nikakwama. Kumbe seli za mwili karibu zote zina jeni zilezile, yaani maelekezo ya urithi, ila seli ya msuli inawasha zake na ya neva zake, na kwa wanyama ikishashika kazi hairudi nyuma kirahisi, ile nyekundu ya damu yetu ndo inatupa hadi kiini chake, pale jeni zinapokaa! Seli nyingi za mmea zinaweza kuanza upya, ndo maana kipande cha muhogo kinatoa mizizi. Ila mchikichi, ukikata kichwa umekwisha, sehemu yake ya kukulia ni hiyo moja tu pale juu. Tuwekeeni kona ya sayansi bwana, hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu, Ujiji