Asya, pesa ya Dubai ihesabu kwa siku

Assalam alaykum shoga yangu,

Umzima? Mama je, miguu imepoa? Huku Unguja tuzima alhamdulillah, mvua tu ndo inatusumbua, Darajani pale hapapitiki. Meseji yako nimeipata ya kuwa viza imetoka, wallahi nimefurahi mana najua ulivyoisubiri. Sasa umeniuliza uchukue kiasi gani na uzigawe vipi, hilo la voice noti ya dakika mbili haliwezekani, nimeona nikae nikuandikie, na wifi yako msomee pia mana mnakwenda pamoja.

Hiyo dola 600 ulosema itabaki baada ya tiketi na viza si pesa ndogo Asya. Watu hapo Wete watakutisha, huyu atakwambia bila ya dola elfu mbili usende, mwengine atakwambia kule kila kitu rahisi we nenda tu, na wote wawili hawajakaa kitako wakapiga hesabu. Chukua kalamu.

Dirham ya kule imefungwa na dola toka mwaka 1997, dola moja ni dirham 3.67, haipandi haishuki, kwa hivyo hesabu yako yote unaweza kuimaliza hapo hapo nyumbani kabla hujapanda boti. 600 yako ni kama dirham 2,200. Duka la kubadilishia litakukata kidogo lakini tufanye hiyo 2,200, chenji zisitusumbue. Nenda na dola, noti safi zisizochanika wala kuchorwa, shilingi usitegemee kuzibadilisha kule. Na uwanja wa ndege badilisha za kukufikisha tu, zilobaki kabadilishe Deira, ule mtaa wa zamani wa Dubai, maduka ya kubadilishia pesa yamejaa mitaani na yanashindana.

Sasa usianze kugawa kwa siku kwanza. Toa yale ambayo hayana mjadala. Hoteli, tuseme mmepata chumba cha dirham 150 kwa usiku, usiku saba ni 1,050, nyie wawili, yako ni 525. Halafu kuna kodi ya watalii inaitwa Tourism Dirham, wanatoza kwa chumba kwa kila usiku, baina ya 7 na 20 kutegemea hoteli ina nyota ngapi, na mara nyingi unadaiwa pale kaunta ukifika hata kama chumba ushakilipia kwenye intaneti, watu wengi hugombana na mpokezi wa watu bure. Tuseme 10, siku saba 70, yako 35. Jumla 560. Umebaki na 1,640.

Toa 300 ya dharura. Hii iweke mbali na pochi, ugonjwa, taksi ya usiku, mzigo kuzidi kilo, na ukirudi nayo Wete alhamdulillah.

Zawadi sasa, na hapa ndo nataka unisikilize khasa kwa sababu ndo panapovunjika safari za watu wetu. Si chakula cha Dubai kinachommaliza Mzanzibari pesa, wala si nauli, ni maagizo. Ukishasema unakwenda tu, simu zinaanza, niletee abaya nitakulipa, niletee udi, niletee manukato yale ya chupa nyeusi, mwanangu anataka simu, na kila mmoja anaona chake ni kimoja tu. Na weye una haya, hujui kumwambia mtu mzima hapana, matokeo yake siku ya tatu unakula mkate na chai ili abaya la mtu litimie. Fanya hivi: anayetaka kitu akupe pesa mkononi kabla hujaondoka, asiyetoa muitikie kwa wema, mwambie nikijaaliwa, ila kwenye hesabu yako asiwemo. Haya sio uchoyo. Wale wa lazima, mama, watoto, bi mkubwa wa mumeo, waandikie majina na kila jina na kiasi chake, yote isizidi 500. Ikifika 500 daftari lifungwe. Na uzito nao uangalie, tazama kwenye tiketi yako umepewa kilo ngapi, sufuria na mablanketi yanakula kilo haraka mno.

Sasa tuhesabu zilobaki, sawasawa? 1,640 toa 300 ni 1,340, toa 500 ni 840. Siku ya kufika na siku ya kuondoka zihesabu kuwa siku moja mana zote nusu nusu, basi zako saba. 840 gawa kwa 7, dirham 120 kwa siku.

120 unakaa vizuri tu, usiogope. Nauli, metro, ile treni ya mjini, pasi ya siku nzima ni 20, na kama siku hiyo hamwendi mbali lipa safari kwa safari, fupi 3, ya kati 5, ya mbali 7 na nusu, kwa ile kadi ya kulipia nauli inaitwa Nol, ya kawaida. Behewa la wanawake lipo, mpande hilo. Ila usile wala kunywa humo ndani hata maji, faini yake dirham 100, siku yako yote imekwenda. Kutoka uwanja wa ndege angalia tiketi inasema mnashuka wapi, Terminal 1 na 3 metro inafika pale pale, Terminal 2 haina, na usiku wa manane metro imefungwa, taksi ya uwanjani kabla haijasogea mita inaanzia 25. Hiyo taksi changieni na wifi yako.

Kula weka 60. Deira na Bur Dubai vimejaa vimkahawa vya Wahindi na Wapakistani, biriani sahani inawashibisha wawili, chai ya karak kwa sarafu. Ndani ya moli usikae kula, tembea tu.

Inabaki 40 ya mambo mengine, na mengi mazuri hayataki hata hiyo. Jengo lile la Burj Khalifa, mita 828, kulitazama kwa chini na chemchemi zinazocheza mbele yake jioni ni bure, kupanda juu tiketi yake peke yake inapita bajeti yako ya siku nzima kwa hivyo ukitaka kupanda amua huko huko Wete na uitoe mwanzo kama ulivyotoa hoteli. Mie lakini ningekwambia upande abra. Ni boti za mbao zinazovusha watu hori la Deira kwenda Bur Dubai, unashuka ngazi, mnakaa kwenye benchi la katikati mmepeana migongo, uso umeelekea majini, nahodha anapokea dirham moja moja ya kila mtu na huku boti inakwenda. Dirham moja! Nenda magharibi, adhana zinatoka pande zote mbili.

Dhahabu ukitaka kuulizia, bei ya gramu ya siku hiyo ni moja soko zima, usigombee hiyo, gombea gharama ya ufundi. Na ukinunua kitu cha kuanzia 250 kwenye duka lilosajiliwa waambie una pasi ya kusafiria wakufanyie ile karatasi ya kurejeshewa kodi, ni asilimia 5, hurejeshewi yote lakini nyingi yake unaipata, ila kabla hujakabidhi begi uwanjani uanze kwenye kaunta yao mana wanaweza kutaka kuuona mzigo.

Halafu waambie nyumbani, simu za WhatsApp kule zimezuiwa, meseji na voice noti zinakwenda, mama asije akapiga akakukosa akaingiwa na hofu.

Ukifika chukua bahasha saba, kila moja tia 120 na uandike siku juu yake, asubuhi toa moja tu, nyengine ziache kwenye kasha la chumbani. Ikibaki 30 jioni ihamishie ya kesho. Usikope ya kesho kulipia leo.

Nitumie jina la hoteli kabla hujalipa nitazame iko mbali gani na stesheni. Na kwenye lile daftari la zawadi mie nitoe kabisa, hiyo nafasi yangu mpe mama.

Msalimie sana, na watoto wote.

Shoga yako,
Maryam