Kidumbak cha uani kwetu

Mhariri,

Asalaam aleikum. Miye bibi wa Kikwajuni, umri wangu miaka 79. Enzi zetu wanawake wa mtaa tulikuwa tukiandaa wenyewe kidumbak, ile taarab ya mtaani ya ngoma na nyimbo, na daftari la michango nikilishika miye. Usiku mmoja kamba ya sanduku, lile la kupigia besi, ilikatika, watu wameshajaa uani. Nikaifungua kamba ya ndoo ya kisimani, ikafungwa, sanduku likanguruma mpaka karibu na alfajiri. Wallahi, nikiikumbuka ile sauti moyo wanipiga!

Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba, shamba hapa Unguja, na mwaka 1928 sauti yake ikarikodiwa Bombay. Wajukuu zangu nao wana sauti nzuri, ila pa kuimbia hawana. Masheha, tupeni kiwanja japo usiku mmoja kwa mwezi. Daftari ninalo bado.

Bibi wa Kikwajuni,
Unguja