Shemeji, paja lako bado limo kwenye friza yangu

Shemeji,

Nimekuandikia ujumbe mara tatu na mara zote nimeufuta. Leo naandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu maneno uliyoniambia siku tulipogawana nguruwe tuliyemchangia, kwamba nimekupunja kilo, uliyatamka mbele ya watu, na si haki majibu yake yabaki kifuani mwangu. Tangu siku ile dada yangu huingia kwetu kwa mlango wa nyuma, na wewe ukiniona langoni huinamia simu. Miezi 11 si michache.

Niseme kwanza lililo jema. Katika nyumba zetu 5 hakuna anayeyajua maji ya moto kama wewe. Sisi wengine tulikuwa tunabishana kama maji ya pipa yamepata moto vya kutosha, wewe ukapitisha kidole majini mara tatu upesi upesi, ya nne ukashindwa, ukasema, "Sasa." Maji yalikuwa yamefika pale yanapotakiwa, kati ya nyuzi 60 na 65, na manyoya yakatoka kwa kukwanguliwa tu, ngozi ikabaki nyeupe. Mwaka uliotangulia, ulipokuwa safarini, tuliyaacha maji yakachemka, manyoya yakang'ang'ania, tukashinda asubuhi nzima tukinyoa kwa nyembe. Ni wewe pia uliyetukataza kumkimbiza mnyama, ukamwongoza taratibu kwa ndoo ya maji, kwa kuwa nguruwe aliyehangaishwa kabla ya kuchinjwa hutoa nyama iliyopauka na teketeke, inayovuja maji mpaka kwenye sahani. Kwa hayo nakuheshimu hadi leo.

Lakini nikifumba macho naiona meza. Naiona siku ya pili, nyama imekwisha lala usiku mzima ikining'inia kwenye chumba cha baridi, mkaguzi amekwisha piga mhuri, mafungu yamepangwa kwenye mifuko, na mwanangu ametoka kuandika majina ya nyumba kwa kalamu nyeusi. Ulifika wa mwisho. Ulichukua mfuko wako, ukauweka tena kwenye mizani kana kwamba mizani ile haikuwa imetazamwa na watu wanne kabla yako, ukasoma kilo 14, ukasema, "Nguruwe alikuwa kilo 100, tuko nyumba 5. Kilo zangu 6 umempa nani?" Kisha ukaugeuza mfuko chini juu. Mbavu zilibaki mezani, paja likaviringika likaanguka chini. Mwanangu aliliokota kwa mikono miwili, akaanza kulifuta mchanga kwa shati lake, huku akikutazama wewe akingoja umwambie kama amefanya vyema. Hukumwambia kitu. Uliondoka.

Hilo la mtoto ndilo nisiloweza kulisahau. La kilo ningekueleza, ungenipa nafasi.

Kilo 100 zilikuwa za mnyama aliye hai, amesimama kwa miguu yake. Toa damu, toa matumbo na vilivyomo, toa manyoya na kwato, halafu toa kichwa na miguu, tulivyopika siku ileile pamoja na maini na figo, nawe ulikula na ukasifu. Kilichoning'inizwa kilikuwa kilo 71, na asubuhi kilikuwa kilo 70, kwa sababu nyama inapopoa hupoteza maji yake kidogo. Gawanya kwa 5. Tena hizo 14 zilikuwa pamoja na mifupa. Ungezichambua kwako zingepungua tena, na hapo pia ungesema nimekuibia.

Kwa hiyo nakushauri, ukichanga tena na watu wowote, uliza kabla kisu hakijatolewa: tunagawana uzito gani, mifupa inahesabiwaje, nani anachukua kichwa. Kila fungu liwe na kidogo cha bega, cha mgongo, cha mbavu, cha tumbo na cha paja, na anayekata achukue fungu la mwisho, ndipo mkono wake utakuwa wa haki. Mimi ndiye niliyekata. Nilichukua la mwisho, na kila aliyekuwapo aliona.

Lipo moja ambalo hakuna aliyeliona. Nguruwe ana sarara mbili tu, nyama laini kuliko zote, zimejificha kwa ndani kandokando ya uti wa mgongo, kila moja haizidi sana nusu kilo. Huwezi kuzigawa kwa nyumba 5 zisigeuke vipande vya mshikaki. Nilizitia kwenye beseni langu, nikafunika kitambaa, kabla ya kupima nyama na kabla hamjafika. Nilijiambia kwamba nilinoa visu mpaka usiku wa manane, kwamba mizani na msumeno ni vyangu, kwamba vidole vyangu vilikufa ganzi mle chumbani na hakuna aliyejitolea kunipokea. Angeuliza mtu ningemwambia. Hakuna aliyeuliza, na wewe ulikuja kuuliza habari ya kilo 6 ambazo sikuzichukua, ndiyo maana nilipandisha sauti namna ile, kwa kuwa katika hilo nilikuwa na haki kabisa. Kukuita mtu asiyejua hesabu mbele ya dada yangu, hapo sikuwa na haki. Majirani wengine sikuwa nimewaambia habari ya sarara. Sasa wamesoma.

Fungu lako sikulitupa. Paja nililiosha, nikakata sehemu yote iliyogusa mchanga, nikalifunga nikiikamua hewa yote, kwa maana hewa ikibaki ndani ya mfuko, baridi huikausha nyama ikawa kama ubao. Nyama ya kusaga haikai zaidi ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo ile ya fungu lako tuliipika ulipofika mwezi wa nne tangu siku ile. Mbavu nilimpa dada yangu mlangoni pale pa nyuma. Aliniambia mlizila, sijui kama alikueleza zilikotoka. Limebaki paja, kilo 3 na nusu. Mafuta ya nguruwe ni laini kuliko ya ng'ombe, na hata katika nyuzi 18 chini ya sifuri huendelea kuchacha polepole. Kipande kikubwa kama hiki kikivuka mwaka ladha huanza kuharibika. Umebaki mwezi mmoja.

Nyumba tatu zimekwisha changa kwa ajili ya nguruwe mwingine, na yangu ni ya nne. Nafasi ya tano sijampa mtu, na maji ya moto hatujui nani atayapima.

Ukilichukua paja, liyeyushe ndani ya jokofu, usiliache mezani, na likae humo siku mbili nzima. Limo tabaka la juu, upande wa kulia. Barafu imeanza kuufifisha mwandiko wa mtoto, ila jina lako bado linasomeka.