Maaskofu watusomee na tamko la ndoa kuanzia miaka 18

Ndugu Mhariri,

Nilikuwa katekista wa Kanisa Katoliki kwa miaka 22 kwenye kigango kimoja wilayani Kahama. Kila serikali ilipogusa mambo ya nyumbani, nilikuwa wa kwanza kusema familia ni kanisa dogo, serikali ikae nje. Msimamo huo siku moja ulinikaba koo.

Baba mmoja alimleta binti yake wa miaka 15 aandikiwe matangazo ya ndoa. Ng'ombe walikwishapokelewa. Kwa taratibu zetu wachumba huhojiwa mmoja mmoja, basi nikabaki na binti, nikampa karatasi ajaze. Kabla hata ya jina, aliandika tarehe kwenye kona ya kulia, akachukua kitabu cha nyimbo, akapiga mstari chini yake kwa ukingo wa jalada. Kama anaanza zoezi la hesabu.

Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakufaulu. Huku kwetu wapo wazazi wanaomwambia mtoto ajaze majibu ovyo kwenye mtihani ili afeli aache shule, maana anayeoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Aliyekwisha kuaga shule hana ulinzi huo.

Nikamwambia baba nasubiri cheti cha ubatizo kutoka parokia walikotoka. Akacheka: "Katekista, sheria inaniruhusu." Kweli inamruhusu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inasema mvulana miaka 18, msichana 15; cha 17 kinataka ridhaa ya baba, na baba ndiye huyo amekaa mbele yangu. Nikakimbilia sheria za Kanisa. Kanuni ya 1083: msichana, miaka 14! Sikuwa na pa kushika. Nikazungusha makaratasi mpaka wakachoka, wakafungia ndoa kwingine.

Mwaka uliofuata binti alirudi na mtoto mgongoni, kuandikisha ubatizo. Nilimpa kalamu. Akasema, "Niandikie tu, baba."

Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Oktoba 2020 ikafika, vifungu viko vilevile. Tukaambiwa dini na mila lazima zishirikishwe kwanza. Sasa dini si ndio sisi? Nani anamngoja nani?

Agosti 2023 tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai lilisomwa kanisani, nami nililisikiliza nimesimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Nawaomba baba zetu watusomee jingine la namna ile, juu ya msichana kutoolewa kabla ya miaka 18, wasimung'unye maneno. Na lisomwe Jumapili ya Pasaka, siku ambayo hata akina baba wa huku kwetu huja kanisani.

Katekista mstaafu,
Kahama