Kofia za Ngazidja ziwekewe alama

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Hivi karibuni nilishinda kutwa Ngazidja, kisiwa cha volkano huko Komoro. Mlima Karthala, wenye mita 2,361, ungali hai. Mwaka 2005 ulilipuka na majivu yakachafua maji ya wananchi. Ukitembea pwani unakanyaga mawe meusi ya lava, na mjini Moroni mawe hayo hayo yamo hata kwenye kuta.

Lakini kilichonikalisha ni fundi wa kofia aliyekuwa barazani. Anatoboa kitambaa cheupe kwa sindano, kisha anazungushia uzi kila kitundu mpaka ua litokee. Kofia moja humla wiki kadhaa, na macho pia (utani wake huo, si wangu). Meza ya pili zimepangwa kofia za mashine, na mgeni haambiwi ipi ni ipi. Fundi atashindanaje kwa bei?

Wanaopokea watalii waziwekee kofia za mkono alama, na ratiba ya siku iache walau saa moja barazani kwa mafundi, badala ya kuwakimbiza wageni ufukweni.

Msomaji wenu