Tunapomwombea mwenye deni, tumuulize anadaiwa ngapi

Mhariri,

Nimeisoma mara tatu barua ya kijana wa mtaa wa Kayole, hapa Nairobi, mliyoichapisha majuma mawili yaliyopita, yule mwendeshaji bodaboda aliyenyang'anywa pikipiki kwa kuchelewesha malipo. Alisema ameacha kwenda kanisani kwa sababu hana sadaka na hana jibu la kuwapa wanaomwuliza hali. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa kibandani kwangu katika soko la mitumba la Gikomba, mteja akanisubiri na chenji yake mkononi mwangu hadi akaniita.

Kilichonishika ni kwamba alitaja kiasi. Alisema anadaiwa Sh43,000. Wengi wetu husema "mambo ni magumu" na wenzetu hujibu "Mungu yupo", kisha kila mtu hushika njia yake. Yeye ametaja. Naomba nafasi nimwambie kwa nini jambo hilo ni kubwa kuliko anavyodhani.

Mimi huuza sweta za watoto tangu 2009. Katika biashara hii, mwezi wa tano hadi wa nane ndio mavuno. Baridi ya Nairobi ikishapita, sweta hulala. Kwa hiyo mwezi wa tano mwaka 2018 nilikopa Sh60,000 katika chama chetu, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana pesa, na juu yake nikachukua marobota mawili ya mitumba ya Sh27,000 kwa ahadi ya kulipa nikiuza. Usiku wa kuamkia Alhamisi, Juni 28, soko likaungua. Watu 15 walifariki katika moto huo, na kila ninaposimulia hasara yangu huanza na wao, maana mimi nilipoteza nguo tu. Asubuhi hiyo nilitoka mtaani kwetu Jericho kwa miguu, nikafuata Jogoo Road hadi soko la Burma, nikakata kupitia mtaa wa Shauri Moyo. Pale kibandani palikuwa na mabati yaliyojikunja na majivu yaliyoloa maji. Sufi iliyoungua hunuka kama nywele. Leso yangu ilikaa na harufu ile wiki nzima, hata baada ya kufuliwa.

Baadaye nilifanya alichofanya kijana wetu. Nilikopa kwa simu nilipe deni, nikakopa kwingine nilipe mkopo ule wa kwanza. Kufikia mwezi wa nane, mkopeshaji mmoja alikuwa amempigia mwalimu wa mtoto wangu, akampigia fundi wa mabomba ambaye nambari yake niliihifadhi zamani, akampigia na mwenyekiti wa chama. Nikaizima simu. Nilikuwa nikilala mchana na kukaa macho usiku. Usiku mmoja nilimwomba Mungu nisiamke, na watoto wangu watatu walikuwa wamelala hatua mbili kutoka nilipokuwa.

Kanisani tuliombewa, siwezi kusema hatukuombewa. Mchungaji alisema wenye shida za pesa wasimame. Mweka hazina wa chama alikuwa ameketi nyuma yangu. Ningesimamaje? Jumapili nyingine alikuja mhubiri mgeni akasema mwenye deni apande mbegu, na deni litang'oka kabla ya siku saba. Nilitoa Sh2,000 zilizokuwa za kodi. Siku ya nane mwenye nyumba alibisha hodi. Tangu siku hiyo kila nikisikia habari ya mjane na senti zake mbili, katika Marko 12, mimi huanza kusoma mstari mmoja nyuma, pale Bwana Yesu anapowaonya watu juu ya wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Mistari hiyo miwili imekaa pamoja, na sijui kwa nini tunahubiriwa mmoja tu.

Aliyeniokoa ni mwanamke mzee wa kanisa letu, tuliyemwita Shosho, yaani bibi. Alikuja Jumatatu na chupa ya uji. Alinimiminia, akakaa kitandani kwangu, hakuuliza lolote, akaenda. Jumanne akaleta githeri, mahindi na maharagwe. Mtoto wangu mdogo alikula sahani mbili, na Shosho akamwangalia tu akitabasamu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa alikuwa amejifunza wapi. Katika Biblia, nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalimngoja mlimani Horebu, mwendo wa siku 40 mbele.

Jumatano Shosho alifunga mlango akaniuliza, "Unadaiwa ngapi, binti yangu?"

Nikasema, "Ni nyingi, Shosho."

"Nyingi si hesabu. Lete daftari."

Nilichukua daftari la hisabati la mtoto, nikaandika ukurasa wa mwisho. Chama, 60,000. Marobota, 27,000. Mikopo ya simu, 14,500. Kodi ya miezi miwili, 15,000. Nilipojumlisha nikapata Sh116,500. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini nitamwambia kijana wa Kayole jambo la kweli: kichwani mwangu deni lile lilikuwa limefika laki tatu. Sikuwahi kulijumlisha. Nilikuwa nikilikimbia, nalo likawa linakua kila nilipoligeuzia kisogo.

Shosho aliweka daftari mapajani, akavaa miwani, akaomba akisoma. "Bwana, huyu binti yako anadaiwa elfu sitini na chama. Wewe unawajua wale akina mama, na wao wana watoto. Anadaiwa elfu ishirini na saba na mwenye marobota. Mbariki mwenye marobota, Bwana, asikose chakula kwa sababu yetu." Aliposema "kwa sababu yetu" nililia hadi nikachoka. Alikuwa amelichukua deni langu likawa letu. Wala hakuwaita wanaonidai adui. Mpaka leo sijasikia sala nyingine ya namna ile, na nimekaa kanisani miaka mingi.

Kisha akanisomea 2 Wafalme 4, habari ya mjane ambaye mdai wake alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama yule alimwendea Elisha akamwambia wazi. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta, akatumwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani, visiwe vichache. Shosho akafunga Biblia, akaniuliza vivyo hivyo: "Una nini nyumbani?"

Nilikuwa na gunia la fagia chini ya kitanda. Wasiojua Gikomba, nguo nzuri tunazozitoa kwanza tunaziita kamera, na zile za mwisho, zenye matundu na madoa, ndizo fagia. Gunia lile halikuungua kwa sababu halikuwa na thamani ya kupelekwa sokoni. Shosho akasema sweta iliyotoboka bado ina uzi. Basi tukaanza kufumua. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na yeye, kwa miguu yake iliyovimba, alipita nyumba kwa nyumba Jericho akiomba sweta za shule zilizochanika viwiko. Hivyo ndivyo vyombo tulivyoazima. Nilishona viwiko na mikono kwa uzi wa fagia, Sh50 kila sweta, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani kadiri rangi ilivyopatikana. Kabla ya muhula wa tatu nilikuwa nimetengeneza sweta 84. Hesabu ni Sh4,200. Ilikuwa chini ya kodi ya mwezi mmoja, lakini niliweza kumtazama mwenye nyumba usoni.

Shosho alinisindikiza kwenye chama. Nikasimama na daftari, nikasema ninadaiwa ngapi na naweza kulipa ngapi: Sh2,000 kwa mwezi. Mama mmoja alikasirika, na alikuwa na haki, maana alikuwa akingoja zamu yake. Wengine wakakubali. Mwenye marobota alinisamehe Sh7,000, akasema na yeye aliwahi kuungua. Nilipotoka pale nikakumbuka kwamba katika Mathayo 6 sala ya Bwana inasema "utusamehe deni zetu". Nilikuwa nimeisali tangu utotoni bila kufikiria pesa.

Kijana wangu, sikudanganyi. Sikulipa kwa siku saba. Corona ilipofika 2020 chama kilisimamisha malipo miezi kadhaa, na deni la mwisho nililimaliza Oktoba 2021. Shosho hakuliona. Alifariki kwao Murang'a mwezi wa tano 2020, wakati Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na mazishi ni ya watu 15. Sikumzika. Siku niliyolipa shilingi ya mwisho nilikaa kitandani pale alipokuwa akikaa, nikamsomea hesabu kwa sauti.

Sasa kwako wewe wa Kayole. Rudi kanisani bila sadaka. Kama kapu likipita mbele yako, lipitishe kwa jirani na mikono yako miwili, Mungu anakuona. Tafuta mtu mmoja, si watu kumi, umwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Awe mtu anayeweza kunyamaza. Kama ni mikopo ya simu inayokutesa, jua kwamba kanuni za mwaka 2022 zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Kenya zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kukutukana, kukutisha, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila idhini. Mimi sikuwa na ulinzi huo 2018. Wewe unao, utumie. Na ukifika usiku ule wa kuomba usiamke, usikae nao peke yako. Mgongee jirani mlango hata kama ni saa nane. Afadhali akuone unalia.

Wachungaji wangu na akina mama wa makanisa yetu ya Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, nawasihi kwa upendo. Msituite tusimame mbele ya watu tunaodaiwa nao. Njooni nyumbani na uji, mfunge mlango, muulize kiasi. Tunanukuu sana Wafilipi 4:13, kwamba tunayaweza mambo yote katika yeye atutiaye nguvu. Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na mstari unaofuata anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Walimtumia msaada kwa mkono wa mtu, Epafrodito. Mstari wa 14 nao uhubiriwe.

Akina mama wa kikundi chetu tumeweka daftari moja. Jumatano iliyopita tuliandika humo: kijana wa Kayole, 43,000. Jina hatulijui. Nilipopewa nafasi niliomba hivi, naye akipenda aombe pamoja nasi:

Baba yetu, jina lake unalijua wewe. Sisi tunajua anadaiwa elfu arobaini na tatu na ana watoto wawili, kama alivyoandika. Wape watoto chakula leo, na kesho tutarudi kuomba cha kesho. Mwenye pikipiki naye ana madeni yake, mlainishe moyo wasikilizane. Mwonyeshe kijana huyu kitu alicho nacho nyumbani ambacho hakioni. Amka naye anapokosa usingizi. Mtumie mtu wa kubisha mlango wake, na kama mtu huyo ni mmoja wetu, utuelekeze nyumba. Tumeomba kwa jina la Yesu. Amina.

Mama wa Sweta,
Jericho, Nairobi